Mwangwi Chini ya Mfuniko

Sanduku likiwa wazi, gitaa lilijibiwa. Likifunikwa, mwangwi ulikufa. Rukaiya alifunika na kufunua tena, na wanamuziki waliokaa ukingoni mwa jukwaa wakacheka.

"Lina haya kama mwali," alisema Kondo, mpiga ngoma. "Ukilifunika tu, kimya."

Gervas hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la pili wa bendi hiyo ya Temeke, na pale ukutani, chini ya turubai, kilikuwapo kinanda cha umeme kilicholetwa kutoka Dubai. Mzee Mwinshehe, kiongozi wa bendi, alikiazima ili akijaribu. Kilitoa sauti ya tarumbeta, ya zeze, hata ya gitaa lenye mwangwi. Kabla ya kwenda kuswali alasiri, mzee alikuwa amesema wazi: "Nikirudi nataka kusikia gitaa lenye mwangwi, na sanduku limefungwa. La sivyo, kesho kinanda kinashika nafasi yako."

Rukaiya alikuwa amesomea umeme katika chuo cha ufundi, na karakana yake ilikuwa Tandika. Kifaa kile cha mwangwi alikitengeneza kwa vipande vya redio kaseti zilizokufa. Ndani yake utepe mfupi wa kaseti uliungwa ncha kwa ncha ukawa duara, na mota ikauzungusha. Hedi ya kwanza, kichwa kidogo kinachogusa utepe, iliandika mlio wa gitaa juu yake. Hedi ya pili, mbele kidogo, iliusoma na kuupeleka kwenye amplifaya. Safari ya utepe kati ya hedi hizo mbili ndiyo iliyochelewesha mlio. Baadaye utepe ulipita kwenye kifutio, ukarudi mwanzo ukiwa mtupu. Mezani kwake kifaa kilifanya kazi bila kasoro. Asubuhi ya leo kilikuwa kimetiwa ndani ya sanduku la mninga lililochongwa na Kasiani, kaka yake Gervas, mchonga vinyago wa Mwenge.

"Si sanduku liachwe wazi tu, dada?" Gervas aliuliza.

"Kwenye sakafu hii? Watu wakianza kucheza, vumbi litakwaruza utepe kabla ya wimbo wa pili."

Alifunika, akalaza sikio juu ya ubao. Mota ilizunguka. Basi mfuniko haukubana utepe. Akapima nyaya kwa mita, moja baada ya moja. Hakuna iliyokatika wala kugusana. Kisha akaomba katoni ya bia, akaichana, akafunika sanduku kwa kipande cha boksi.

"Piga."

Gervas akapiga. Mlio ukaenda, ukarudi.

"Kwa hiyo si kufunikwa," alisema Rukaiya. "Ni mfuniko huu." Akaugeuza ule wa mninga, upande wa ndani ukatazama juu. Mwangwi ukabaki. Akaurudisha inavyotakiwa. Kimya.

"Uchawi huo," alisema Kondo.

"Una kitu upande wa ndani."

Alipitisha kiganja, ubao ulikuwa laini, haukuwa na msumari wala bawaba. Akachukua skrubu moja, akaiweka juu ya ubao, akauinua na kuugeuza chini. Skrubu haikuanguka.

"Kaka Kasiani, umetia nini humu?"

Kasiani, aliyekuwa amesimama mlangoni akilitazama sanduku lake kwa fahari, alisogea. "Sumaku. Zile spika ulizotupa, nilichukua moja. Nikachimba shimo, nikaifukia kwa kibanzi. Mie sipigi msumari kwenye mninga, unapasuka. Mfuniko unashika wenyewe kwenye chuma cha ndani, ona!"

"Umeiweka juu ya utepe, katikati ya hedi mbili."

"Lakini haigusi kitu."

Rukaiya akamwomba patasi. Kasiani aliguna, kisha akakitoa kibanzi mwenyewe, polepole, asijeruhi ubao. Rukaiya akaishika sumaku kwa vidole, juu ya sanduku lililo wazi. "Gervas, piga usiache."

Gitaa likapiga, mwangwi ukafuata. Aliposhusha mkono, mwangwi ulififia, ukatoweka. Akauinua, ukarejea. Akashusha tena. Hakuna kilichogusana na kitu. Kondo aliweka fimbo zake chini.

"Kumbe sauti inaandikwa kwa sumaku," alisema Kasiani, "na sumaku inaifuta?"

"Ndiyo. Hata kifutio changu ni sumaku, ila kinapitiwa baada ya kusomwa. Yako ilitangulia."

Mzee Mwinshehe aliingia. Walikuwa wameshafunga mfuniko kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo mzee. Tuko tayari," alisema Gervas, akapiga uzi mmoja.

Papo hapo taa zikazimika. Mgawo wa umeme, ambao ulitangazwa kuanza magharibi, ulikuwa umewahi.

"Mie sikusikia mwangwi," alisema Mwinshehe.

"Umebaki ndani, mzee," alijibu Rukaiya. "Umeandikwa, haujasomwa. Msilifungue sanduku. Kesho utausikia."

"Mlio wa leo, kesho?"

"Kesho."

Mzee alimtazama, akatazama na kinanda. "Haya. Kesho, kabla ya watu kuingia. Usiposikika, turubai linafunuliwa."

Kesho yake, Jumapili, umeme ulikuwepo. Rukaiya aliwasha amplifaya kwanza, akaiacha ipate moto. Gitaa la Gervas liliegemezwa ukutani, mbali na mkono wa mtu yeyote. Mwinshehe alisimama karibu na spika, mikono nyuma.

Rukaiya akabonyeza swichi ya sanduku. Mota ikaanza kuzunguka, na kwenye spika ikatoka sauti nzito, iliyopanda haraka mpaka ikawa uzi ule ule wa jana, mfupi, safi. Kisha ikaisha.

Mwinshehe aligeuka kulitazama gitaa pale ukutani, kana kwamba bado linatetemeka.

"Kondo," alisema hatimaye, taratibu. "Mwambie mwenye kinanda aje akichukue."