Zamu ya Mlango wa Pango

"Wachezaji wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi hii ni marufuku kuweka kikombe chenye majimaji ya aina yoyote juu ya ramani. Vikombe vitawekwa kwenye kimeza cha pembeni. Atakayekiuka atanyimwa nafasi moja ya kurusha dadu. Kwa amri ya Msimulizi."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye kabati la vyombo na kaka mkubwa wa nyumba, Msimulizi mwenyewe, ambaye kikazi alikuwa mkaguzi wa shule na hakuamini kwamba jambo lipo mpaka liwe limebandikwa mahali. Wachezaji waliotangaziwa walikuwa watatu, na wote walikuwa wamekaa sebuleni wakimtazama akibandika.

Walikuwa wamekutana ili kuunda wahusika wa safari mpya. Katika mchezo wao kila mtu hubuni mkazi wa nchi isiyokuwapo, humpa kazi na tabia, hurusha dadu ili kumpimia nguvu na akili, kisha humwongoza katika misitu na mapango ambayo Msimulizi huyasimulia. Walikuwa wameucheza sebuleni humo tangu wakiwa wanafunzi mpaka mitihani ya mwisho ilipowatawanya. Meza ilikuwa ileile ya kushonea ya marehemu mama, yenye makovu ya mkasi. Mkebe wa dadu ulipofunguliwa ulitoa harufu ya penseli na ya biskuti zilizoliwa zamani. Mmoja wa wachezaji, mfamasia, alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza mpaka akapata mahali alipowahi kuchonga upanga kwa wembe, akachapwa. Upanga ulikuwa bado unaonekana. Jua la alasiri lilipita katika pazia la manjano na kumpaka kila mmoja rangi aliyokuwa nayo ujanani.

Nyumba hiyo ilikuwa na tabia yake. Mhusika akishakamilika, karatasi yake ikajazwa na jina likaandikwa, hutokea ukumbini na kuingia sebuleni kutafuta mahali pa kukaa. Haikuwa hivyo nyumbani kwa mfamasia, walikojaribu mara moja, na ndiyo maana hawakurudi huko. Marehemu mama hakuwa na neno juu ya jambo hilo isipokuwa kuhusu viatu. "Mwambieni huyo mchawi avue viatu," alikuwa akisema kutoka jikoni. "Zulia langu halijui kwamba yeye ni wa kubuni."

Wa kwanza kumaliza alikuwa mfamasia, ambaye watu wote walimwita Daktari na yeye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Alichagua mchawi. Dadu ya akili ilimpendelea. Dadu ya nguvu ilimwaibisha, na Msimulizi akaamua kwamba mchawi huyo ana pumu. Muda si muda hodi ikapigwa, akaingia mzee mwembamba mwenye joho, akitweta kwa kutembea urefu wa ukumbi. Alikaribishwa. Akavua viatu, akachukua kiti cha karibu na dirisha.

Aliyefuata alikuwa fundi saa, mtu wa maneno mengi na vidole vyembamba. Aliunda mwizi wa makufuli, nusu binadamu na nusu jini. Mwizi aliingia bila hodi, akaitazama saa ya ukutani, akaipeleka mbele kidogo, kisha akaegemea kabati.

"Huyo ni wewe mtupu," alisema Daktari.

"Mimi siibi."

"Saa yangu uko nayo tangu mwaka jana."

"Ile nasubiri kipuri, ndugu yangu. Kipuri hakiibwi, kinasubiriwa."

Mchezaji wa tatu alikuwa dada mdogo wa Msimulizi, kitinda mimba wa nyumba, na hata sasa akiwa muuguzi mwenye mvi bado waliendelea kumwita Kitinda. Yeye ndiye aliyebaki katika nyumba hiyo, akamuuguza mama mpaka mwisho, akayatunza mapazia. Ili kupata Jumamosi hiyo alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake wa wodini, na kuahidi kumlipa kwa sikukuu mbili. Alikuwa amekwisha kufikiri anachotaka.

"Wangu ni mtangulizi," alisema. "Anashika mwenge. Kila pango anaingia wa kwanza."

"Anayeingia wa kwanza huliwa wa kwanza," alisema kaka yake.

"Basi aliwe akiwa ndani."

Alirusha dadu, nazo zikamtendea wema. Alijaza karatasi kwa mwandiko wa hospitali, akaandika jina, akakiweka kiti tayari kando yake. Ukumbini zikasikika hatua, lakini zilikuwa nzito kuliko hatua za mtangulizi, na zilikuwa na mlio wa chuma.

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa mrefu, mwenye kofia ya chuma na mkuki, na kuvu la kijani lilikuwa limemwotea kwenye buti mpaka magotini. Umri wake ulilingana na wa Kitinda.

"Habari za mchana," alisema. "Nimekuja kuuliza kama wamekwisha kutoka."

"Nani?" aliuliza Daktari.

"Walioingia pangoni. Niliambiwa nilinde mlango mpaka watoke. Katika muda wote huu hakuna aliyepita, ila upepo na mbuzi mmoja. Mbuzi nilimrudisha."

Kitinda alimtambua kabla ya wengine. "Pole na zamu," alimwambia.

"Nimeshapoa, dada."

Habari ya zamu hiyo ilikuwa fupi. Siku zile, safari ilipofika mahali pazuri, sauti ya mama iliita kutoka jikoni, na jina lililoitwa lilikuwa moja tu. Kitinda alipoinuka, kaka yake, asiyependa mchezo ukwame, alimpa mhusika wa dada yake kazi isiyohitaji mtu mezani: alinde mlango. Mlinzi huyo alilinda daraja wakati wenzake wanavuka, akalinda ngome wakati wanakula na mfalme, na mwishoni akalinda mdomo wa pango ambamo wavulana waliingia kutafuta hazina. Wiki iliyofuata mitihani ilianza. Mkebe ukafungwa, na wavulana wakabaki ndani na hazina yao. Kuhusu mlango hakuna aliyetoa agizo lolote.

"Jamani, huyu bibi!" alisema fundi saa kwa furaha ya kweli. "Nilikwisha kumsahau. Daktari, unalikumbuka lile joka? Ulivyopiga kelele?"

"Nilikuwa natamka uganga."

"Uganga gani wa 'mama nakufa'?"

Walicheka kwa namna ambayo hawakuwa wamecheka tangu ujana, na hata mchawi mwenye pumu alitabasamu kwa adabu. Msimulizi alifuta miwani.

"Lile joka lilikuwaje?" aliuliza Kitinda.

"Si ulikuwepo?" alisema fundi saa.

"Nilikuwa jikoni."

Fundi saa aliangalia dadu zake mpya, alizoagiza maalumu kwa ajili ya siku hiyo, akaanza kuzipanga kwa rangi.

Ndipo mlinzi alipoeleza kwamba ukumbini kuna mtu mwingine, kijana wa kike mwenye mwenge, aliyeandikwa punde tu, na kwamba hawezi kuingia. Yeye mwenyewe hana ugomvi naye. Tatizo ni kwamba mlango ni mmoja, na yeye hajapewa ruhusa ya kuuacha. Kweli, harufu ya moshi ilikuwa imeanza kuingia sebuleni, na juu ya bega la mlinzi ulionekana mwanga ukichezacheza.

Msimulizi alifungua kitabu cha kanuni, akakuta alichokuwa anakijua. Mchezaji hawezi kuwa na wahusika wawili, na aliye zamuni hutolewa na wenzake wanaporudi, au na mwingine anayeshika nafasi yake.

"Basi tuimalize safari ile ya zamani," alisema Kitinda. "Mtoke pangoni tu, kaka. Jumamosi chache. Au mmoja wenu amshikie zamu. Kwetu wodini hutoki mpaka mwenzio afike, hata ulie. Lakini hufika."

"Wangu ana pumu," alisema Daktari. "Pale pangoni kuna unyevu. Kitaalamu siwezi kushauri."

"Na wangu ni mwizi," alisema fundi saa. "Mwizi alinde mlango? Watu watatucheka."

"Na ile ya zamani," alisema kaka yake taratibu, "tuliiachia mahali pazuri sana, Kitinda. Mimi nikiikumbuka naiona ilivyokuwa. Tukiirudia tutaiharibu."

"Nyinyi mliiachia mahali pazuri."

"Ndivyo ninavyosema."

Kitinda aliinuka, akampelekea mlinzi kiti alichokuwa amemwekea mtangulizi. Mlinzi alishukuru, akasema kwamba zamuni haketi. Aliporudi kwenye kiti chake mwenyewe, Kitinda alikuta mwizi wa makufuli amekikalia, na alipogeuka, kile alichompelekea mlinzi kilikuwa na joho la mchawi limetandazwa likauke jasho. Hakutaka kumwamsha mzee, ambaye alikuwa amekwisha kurudi dirishani na kusinzia. Akasimama karibu na mlinzi, mabega yao yakilingana, na Msimulizi alipoitisha kura kama safari ya zamani imalizwe, akapiga yake ya ndiyo kutoka hapo mlangoni.

Kura zilihesabiwa. Wote walieleza jinsi wanavyomhurumia mlinzi, na mmoja tu ndiye aliyekuwa upande wake. Ukumbini mwenge ulianza kufifia, kama ufanyavyo mwenge uliowashwa mapema. Msimulizi alivaa miwani yake, akasimama, akasoma kwa sauti aliyoitumia shuleni siku za ukaguzi:

"Baada ya kuzingatia maoni ya pande zote, imeamuliwa kwamba mlinzi anapandishwa cheo na kuwa Mlinzi Mkuu wa Mlango, kwa kutambua utumishi wake uliotukuka. Ataendelea na zamu mpaka walio pangoni watakapotoka. Suala la kutoka kwao litajadiliwa safari mpya itakapomalizika. Kuanzia leo anaruhusiwa kuketi, iwapo kiti kitapatikana."