Chai Aliyoituma Raymundi

Paskazia alikuwa amekalishwa kwenye godoro chumbani, wanawake wamemzunguka kila upande, na kazi yake ilikuwa moja tu: kulia. Ndivyo msiba unavyokwenda pale kijijini Kigwa. Mfiwa haingii jikoni. Jiko hushikwa na majirani, nao hupika chochote watakachokikuta ndani, na ukiuliza sufuria yako iko wapi utaonekana umechanganyikiwa. Mwili wa Raymundi, mwanawe wa pekee, ulikuwa njiani kutoka Mbeya. Pikipiki ilikuwa imeteleza kwenye ukungu, huko milimani kwenye shamba la chai alikofanya kazi ya kuonja.

Kuonja, naam. Kigwa nzima ilimcheka. Mtu mzima analipwa kwa kunywa chai?

Mwaka juzi alikuja likizo. Mama yake akapika chai ya kumpokelea mtoto: maziwa, tangawizi, iliki, kila kitu. Raymundi akachota kwa kijiko, akaivuta kwa kelele, fyuuu, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema kwenye kopo. Alitaka kuwaonyesha wanavyofanya kazini. Wanaonja vikombe vingi mno, hawawezi kumeza vyote. Lakini jamani, chai ya mama yako! Mbele ya Mzee Masolwa na wazee wote wa kigango cha kanisa! Watu wakaangua kicheko, na Paskazia akaona aibu isiyo kifani.

"Chai ya nyumba hii usiinywe tena," akasema.

Raymundi akadhani ni utani. Haukuwa utani. Asubuhi aliondoka bila kutia kitu mdomoni, na hakurudi tena.

Paskazia alijuta wiki ileile. Ila kuomba radhi kulimshinda, na ukaidi huo mwanawe alikuwa ameurithi mzimamzima. Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu, baada ya Krismasi, ndipo simu ilipoita. Raymundi alikuwa ametuma pakiti ya majani ya chai kwa basi.

"Mama, hiyo imetoka shamba la juu kabisa, kwenye baridi. Kule jani linakua polepole, ndiyo maana linanukia hivyo. Usiipike. Nakuja Pasaka, nitakutengenezea mwenyewe. Maji yakichemka nayamimina juu ya majani, nafunika, tunasubiri. Hakuna maziwa. Na safari hii nitameza, mama."

Paskazia alicheka huku analia. Pakiti akaiweka kabatini nyuma ya sahani, na kila Jumapili akitoka kanisani aliitoa, akainusa, akairudisha. Alitaka kuinywa na mwanawe, wamalize ugomvi wao. Hakutaka kitu kingine duniani.

Sasa, akiwa pale godoroni, akasikia sauti ya Marcelina, jirani aliyekuwa akiongoza mapishi.

"Majani yamekwisha! Hebu angalieni kabatini."

"Yapo! Pakiti nzima!"

Paskazia akaruka. "Chai!" akapiga kelele. "Chai ya Raymundi!" Mengine yote yalimezwa na kwikwi.

Nani humsikiliza mfiwa? "Mshikeni, anazidiwa!" Wakamshika mabega, wakamshika kiuno, wakamshika miguu. Kadiri alivyopambana ndivyo walivyozidi kumkumbatia, nao wakilia naye kwa mapenzi ya kweli. "Maskini, anataka chai," mmoja akasema. "Tangu jana hajala kitu. Mwambieni Marcelina amletee."

Harufu ya maziwa na tangawizi ikaingia chumbani. Paskazia akaacha kupambana. Huko nje chini ya turubai alimsikia Mzee Masolwa, yule aliyecheka kuliko wote siku ile: "Aisee, chai ya leo si mchezo!" Wenzake wakaitikia. Roho ikamuuma Paskazia. Mwanawe alistahili kuyasikia maneno hayo akiwa hai.

Marcelina akaingia na kikombe, macho mekundu kwa moshi. Tangu alfajiri hakuwa ameketi.

"Pole, mama Raymundi. Kunywa kidogo. Nimekupikia vilevile unavyopenda."

Paskazia akakipokea. Alitamani kumtukana. Alitamani kukitupa ukutani. Akanywa. Akaitafuta ile harufu ya Jumapili, akapata maziwa, akapata sukari, akapata tangawizi. Nyuma kabisa kikapita kitu chembamba, na hakujua kama ni jani la mlimani au ni hamu yake tu.

"Imekolea?" Marcelina akauliza.

Paskazia akamtazama mwanamke yule aliyemfanyia kazi kutwa nzima kwa wema.

"Imekolea."

Nje vikombe viligongana. Watu walikuwa wanaongezewa. Paskazia akanywa mpaka tone la mwisho, akamnyooshea Marcelina kikombe.

"Niongezee, Marcelina. Niongezee sasa hivi, kabla hawajaimaliza."