Ulimi wa Mjomba Randa

Mjomba Randa hakuwahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mpwa wake alipopika uji wa kwanza maishani, akiwa bado anapanda stuli ili afikie jiko, mjomba alimwambia wazi kwamba umeungua, kisha akaumaliza wote. Tangu siku hiyo binti hakuwahi kupeleka chakula mezani kabla mjomba hajaonja. Alikua, akasomea upishi, akafanya kazi hotelini, na bado sufuria zilisubiri neno la mjomba wake, fundi seremala.

Jioni hii ilikuwa yake. Alikuwa ametangaza chakula cha pamoja ndani ya karakana ya mjomba, ili watu wasiojuana wale kwenye meza moja. Mjomba alifagia vumbi la mbao hadi lile la kwenye nyufa, akapanga mbao ndefu juu ya meza zake za kazi na kuzipiga msasa zisije zikamchoma mtu. Wageni wakaja: msusi wa jirani, dereva wa lori na mkewe, walimu wawili waliokuwa wakibishana tangu mlangoni.

Kulikuwa na jambo ambalo mjomba hakumwambia mpwa wake. Mafua makali yaliyomlaza kitandani siku za karibuni yaliondoka na ladha yote. Chai, nyama, maembe, vyote kwake vilikuwa maji. Kila alipopewa kijiko alisema "safi" na kumwachia Mungu. Alichoogopa si ulimi. Aliogopa kwamba binti akijua, hatakuwa tena na sababu ya kumwita jikoni.

"Mjomba, njoo," sauti ikaita nyuma ya pazia.

Ilikuwa supu ya maboga. Akaipuliza, akainywa, akasikia moto tu.

"Imekaa sawa."

Binti alikuwa na mambo mengi mkononi, hakuonja mwenyewe. Neno la mjomba lilimtosha.

Mezani vijiko vilipanda mara moja, vikashuka, vikatulia. Msusi akamtazama dereva. Walimu walikubaliana kwa mara ya kwanza, wakanyamaza wote wawili. Mjomba Randa peke yake aliendelea kwa bidii, akakwangua bakuli na kusema kwa sauti, "Leo umevunja rekodi, mama."

Mpwa wake alikuwa amesimama penye pazia. Aliyatazama mabakuli yaliyojaa, akalitazama lile tupu. Akaja, akaomba kijiko cha msusi, akaonja. Hakukuwa na chembe ya chumvi. Na mjomba huyu ndiye aliyewahi kurudisha mchuzi wake akidai vitunguu vimekatwa kwa hasira. Macho yao yalipokutana, mjomba alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jamani, nisameheni, nimesahau chumvi," binti akawaambia wageni.

Akapita na kibakuli cha chumvi, akiwatilia kidogo kidogo, huku msusi akimtania kwamba alidhani supu imeandikwa na daktari. Alipofika kwa mjomba akainama.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na muda wote ulikuwa unaniambia safi?"

"Nilidhani utaacha kuniita."

Binti alichukua kibakuli chake. Alirudi jikoni, na mjomba akabaki akiitazama mikono yake juu ya mbao.

Pazia likafunguka tena. "Mjomba, njoo. Kuku yuko tayari."

"Nije kufanya nini? Ulimi wenyewe ni wa mapambo."

"Wewe njoo."

Jikoni binti alichovya kijiko kwenye mchuzi, lakini hakumpa. Alionja mwenyewe, akiwa amemgeukia.

"Niangalie. Imekaaje?"

Mjomba akautazama uso ule aliokuwa akiufuta kamasi zamani. Unyusi wa kushoto ulivutika kidogo, kama kawaida yake akikosa kitu na hataki kukiri.

"Bado," akasema. "Kuna kitu kimepungua."

Binti akakamua limau, akakoroga, akaonja tena. Unyusi ukatulia, mashavu yakalegea.

"Na sasa?"

"Sasa wapelekee watu, wale," akasema Mjomba Randa, na safari hii hakuwa akidanganya.