Safari ya Rameswaram na Mama Mkwe

Kwa miaka mingi mama mkwe wangu, Ponnuthayi, hakunisemesha mimi mwenyewe hata neno moja. Si kwamba alikuwa mtu wa kimya. Akiwa na majirani angeweza kuongea tangu maziwa yanapoletwa mpaka jua la mchana. Lakini nikiingia mimi, maneno yake yalipitia kwa mtu mwingine kabla ya kunifikia.

"Malar, mwambie bwana harusi chai inapoa."

Malar, mke wangu, yuko jikoni. Mimi niko hatua mbili tu kutoka kwenye hiyo chai. Malar asipokuwepo, anaambiwa mbuzi. "Wewe mbuzi, hivi kuna watu wanakula na shati la kazini?" Kwetu mkwe huitwa bwana harusi hata akiota mvi, na mama mkwe aliyelelewa kizamani hamkodolei macho. Ila sisi tulikuwa na la zaidi.

Mimi na Malar tulioana kwa msajili, bila baraka za mtu. Baba yake, mzee Arunachalam, mkulima wa jasmini, aliapa mbele ya kijiji kizima kwamba hatakanyaga mlango wa fundi pampu aliyemwibia binti, na kweli hakuukanyaga. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu moyo wake ulisimama akiwa shambani, katikati ya mistari ya maua. Hakuwa na mtoto wa kiume. Mpwa wake ndiye aliyewasha moto wa kumchoma marehemu, kazi ya mtoto wa kiume. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli za watu. Matanga yalipokwisha, mama mkwe akahamia kwetu Tirumangalam na sanduku moja na mbuzi mmoja.

Mwaka huu, ulipokaribia mwezi wa Aadi wa kalenda yetu, alitangaza kwamba anataka kwenda Rameswaram, kisiwa cha hija, siku ya giza la mwezi, siku ambayo watu huwakumbuka wafu wao. Angekwenda na Malar. Siku mbili kabla ya safari Malar akateleza kwenye ngazi za shule anakofundisha, kifundo cha mguu kikavimba kama papai, daktari akamfunga plasta.

"Utakwenda naye wewe," Malar akaniambia.

"Mimi? Na nani atatufasiria?"

"Mtajuana hukohuko. Usimtanie tu. Halafu ununue ufuta mweusi, kasema usisahau."

Nilidhani ufuta ni wa kupikia.

Kwenye basi tulipata kiti cha watu watatu. Mama mkwe alikaa dirishani, akaweka mkoba katikati, mpaka alipokuja mama mmoja mnene mwenye karanga akauondoa mkoba na kukaa yeye.

"Dada," mama mkwe akamwambia baada ya muda, "hebu mwulize huyo kijana kama amebeba maji."

Yule mama akatutazama, huku na huku. "Kwani mmegombana?"

"Ni mkwe wangu."

"Ahaa!" Na toka hapo akaifanya kazi ile kwa moyo wake wote, tena akiongeza yake. "Mama yako anauliza kama umebeba maji. Na mimi nauliza, hicho kitambi unakipeleka wapi?"

Aliposhuka Paramakudi nilimkosa sana. Tulivuka daraja la kuingia kisiwani bila neno, kila mtu akitazama bahari ya upande wake.

Alfajiri tulikwenda ufukweni, mbele ya lango la mashariki la hekalu. Bahari ya pale imetulia kama maji ya beseni. Watu walikuwa wamejaa majini na nguo zao zote, maji yakiwafika kiunoni, wazee wameshikwa mikono, ng'ombe wakizunguka mchangani kula ndizi za sadaka kabla kuhani hajamaliza dua. Mama mkwe alimchagua kuhani mmoja mzee aliyekaa chini ya mwavuli, akaweka mbele yake jani la mgomba, wali, na ule ufuta wangu mweusi.

"Nani anafanya ibada?" kuhani akauliza. "Mtoto wa kiume yuko wapi?"

Mama mkwe akarekebisha sari begani. Akatazama ng'ombe.

"Mwulize bwana harusi," akasema, "kama mikono yake ina kazi leo asubuhi."

Nilihisi masikio yanapata moto. Mpwa, nikakumbuka, alihamia Coimbatore na hajarudi hata mara moja kumlisha mjomba wake kwa ibada hii. Miaka sita mzee yule alikuwa amekaa huko aliko bila punje ya ufuta. Na huyu mama alikuwa amebeba jambo hilo kifuani, nyumbani mwangu, kwenye meza yangu, bila mtu wa kumtuma alilete kwangu.

"Haina kazi," nikasema. "Iko tayari."

Kuhani akanivika pete ya nyasi kwenye kidole, akanionyesha jinsi ya kufinyanga madonge ya wali. "Jina la marehemu?"

Mama mkwe hawezi kulitaja jina la mume wake. Wanawake wa rika lake hawatamki. Akanitazama mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni.

"Arunachalam," nikasema. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Miaka yote nilikuwa namwita 'yule mzee' tu.

"Baba yake?"

Hapo nikakwama. Nikamgeukia mama mkwe. Jina la baba mkwe wake nalo ni mwiko kwake. Akafikiri kidogo, kisha akaung'oa mwavuli wa kuhani mchangani, akaushika wima kama mkuki na kutoa kifua mbele.

"Mama, jua!" kuhani akalalamika.

"Mungu mwenye mkuki," nikasema. "Murugan?"

Akatikisa kichwa, akaugonga mwavuli chini: mungu ni huyohuyo, jina ni lingine.

"Velu? Velayutham!"

Akauachia mwavuli kwa furaha. Watu wa jirani walikuwa wameacha ibada zao kututazama.

"Na babu yake?" kuhani akauliza, akikamata mwavuli wake upesi kwa mikono miwili.

Mama mkwe akainua mkono mbele ya pua, akaupeperusha kama mkonga wa tembo, na kuvimbisha mashavu. Mtu mmoja nyuma yetu akalitaja kwa kelele jina la mungu mwenye kichwa cha tembo, "Ganapathi!" kabla yangu, na mama mkwe akamwonyesha kidole: wewe umepata.

Kwa hiyo nikawalisha wote watatu: Arunachalam, Velayutham, Ganapathi. Nilibeba yale madonge kwenye jani mpaka maji yakanifika kifuani, nikayaachia. Ufuta ulitawanyika juu ya maji kisha ukazama. Nikanong'ona, "Mzee, ni mimi. Hukuniita, lakini nimekuja." Niliporudi ufukweni mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikasubiri mpaka yatulie ndipo nikasogea.

Tukaingia hekaluni tukichuruzika maji, kuoga kwenye visima vyake vitakatifu ishirini na viwili. Sakafu ya mawe huko inateleza kama samaki. Kwenye kila kisima kijana mmoja husimama juu ya ukingo, anatupa ndoo kwa kamba, anaivuta na kukumwagia kichwani kabla hujavuta pumzi. Kwenye kisima cha saba mguu wa mama mkwe ulikwenda wenyewe. Nilimdaka kiwiko. Kuanzia hapo alishika vidole vyangu viwili, kwa nguvu, kama mtu anayefunga bomba.

"Mwanangu," akamwambia mvuta maji wa kisima cha nane, "mwambie huyu vidole vyake vina grisi."

"Si huyo hapo mama, umemshika?"

"Wewe mwambie tu."

Nikamwambia yule kijana kwamba kwa pampu moja yenye nguvu za farasi wawili angepumzisha mgongo wake.

"Na mimi nikale wapi, mjomba?" akasema, akanimwagia ndoo ya pili, sawasawa kwenye sikio.

Mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, kicheko chembamba cha msichana, kikaenda mbali kwenye ule ukumbi mrefu.

Tulipobadili nguo na kula, dereva wa bajaji aitwaye Arockiam alitukamata nje ya mkahawa. "Mama, njoo nikupeleke mwisho wa nchi. Ukifika Rameswaram usione Dhanushkodi ni sawa na kwenda harusini usimwone bibi harusi."

"Mwambie bwana harusi kama amechoka aseme," mama mkwe akamwambia Arockiam.

"Hajachoka," Arockiam akajibu bila kuniuliza.

Barabara ya kwenda huko imenyooka, mchanga kulia, mchanga kushoto, na bahari mbili zinakukimbilia. Tulipopita kuta za kanisa la zamani lililovunjwa na kimbunga, Arockiam alijipiga ishara ya msalaba bila kupunguza mwendo. Bibi yake alisoma kwenye shule ya pale, akasema. Alinusurika kwa sababu siku ya kimbunga alikuwa amepelekwa Pamban kung'olewa jino. "Ukoo wetu mzima umetoka kwenye jino bovu," akasema. Mama mkwe aliipenda hadithi hiyo, akataka airudie.

Mwisho wa barabara watu wa kule huita bahari ya upande mmoja jike na ya upande wa pili dume. Ile jike imelala. Mama mkwe, naye, akaenda kulowesha miguu kwenye dume. Alivua kandambili akaziweka kando. Wimbi likaja, likachukua moja.

Sikufikiri. Nilikunja suruali nikaifuata. Ilikuwa karibu sana, inaelea tu, mkono mmoja tu zaidi. Kisha mchanga chini ya miguu yangu ukaondoka, kama mtu amevuta mkeka, na maji yakanifika shingoni.

"Chezhiyan!"

Nilisikia jina langu.

"Wewe Chezhiyan! Rudi hapa! Rudi sasa hivi, mjinga wee!"

Mlinzi alikuwa anapuliza filimbi. Arockiam alikuwa anakimbia huku akivua shati. Sijui niliogeleaje, wimbi lililofuata lilinirusha mchangani kwa magoti, bila kandambili. Kabla sijasimama mama mkwe alikuwa juu yangu, akinipiga begani kwa ile iliyobaki.

"Kandambili! Iliyokwisha kisigino! Nimwambie nini mwanangu, kwamba mumewe alikufa akikimbiza kandambili? Akili zako umeziacha kwenye pampu ya nani? Na hilo shati la kazini, kila siku! Na redio yako asubuhi! Na biringanya zangu huli!"

"Nakula, mama."

"Unazificha chini ya wali! Mimi si kipofu!"

Arockiam alivaa shati lake polepole, akaenda kutafuta samaki wa kukaanga. Mama mkwe akaishiwa pumzi, akakaa mchangani karibu yangu. Akavua shali yake akanifuta kichwa kwa nguvu kama unavyomfuta mtoto, huku akinuna.

"Unaikumbuka ile mota ya Sivasami?" akauliza ghafla. "Sivasami wa duka la mbolea."

"Ya kijani? Iliyoungua koili mara mbili?"

"Haikuwa ya Sivasami."

Nikamgeukia.

"Ilikuwa yetu. Baba yenu alimtuma ailete kwako. Alisema mafundi wengine wote wa mji ni wezi. Ulipoirudisha, aliifungua usiku ule ule akatazama ulivyosuka waya. Akaangalia, akaangalia. Kisha akasema, 'Mshenzi yule ana mikono.'"

Niliikumbuka mota ile vizuri. Nilikaa nayo siku mbili, halafu ilipokuja tena nilimfokea Sivasami kwamba anaiendesha kwenye umeme dhaifu kama mtu asiye na kichwa. Nikamweleza mama mkwe.

"Yalifika hayo," akasema. "Alikasirika siku nne. Siku ya tano akanunua kifaa cha kusawazisha umeme."

Tukacheka wote wawili, na kicheko changu kikaharibika katikati. Akanipa tena shali.

"Kwa nini hakuja, mama?"

"Angekujaje? Alishaapa. Alikaa juu ya kiapo chake kama kuku juu ya mayai viza. Nikamwambia, twende tukamwone mtoto, mara moja tu. Akasema, msimu wa maua ukiisha." Akachota mchanga, akauachia upite kati ya vidole. "Ndiyo hivyo."

Tulikaa pale mpaka nguo zangu zikakauka na kuwa ngumu kwa chumvi. Arockiam alirudi na samaki wake; sisi hatukula, siku ile haina samaki kwetu, lakini mama mkwe alimsimamia asimeze mwiba. Kisha akataka simu ampigie Malar.

"Mumeo alitaka kuzama," akamwambia. "Hapana, mzima. Nilimpigia kelele akarudi... Nani? Chezhiyan, nani mwingine? Una waume wangapi?"

Nikasikia mke wangu upande wa pili analia na kucheka kwa pamoja, na mama yake akisema, "Basi, basi, mguu wako uuinue juu ya mto."

Kesho yake, tukirudi, basi lilisimama kwenye daraja la Pamban kwa sababu ya foleni, na abiria wakashuka kutazama treni ikipita chini kwenye daraja lake, juu ya maji. Mama mkwe, miguuni ana kandambili mpya nyekundu alizochaguliwa na Arockiam mwenyewe, akasimama kwenye ukingo na kunipa simu.

"Nipige picha."

Nikajaribu. Nikimpata yeye, daraja la treni linakatika. Nikipata daraja, yeye anakatika kichwa. Nikarudi nyuma mpaka dereva wa lori akanipigia honi.

"Daraja haliingii kwenye picha, mama."

"Liache daraja," akasema, akiweka sawa jasmini kwenye nywele. "Lenyewe litaendelea kuwepo. Nipige mimi."