Darasa Lililorudia Kila Neno

Siku ya mahafali fundi cherehani alifika shuleni kabla hata viti havijapangwa. Gauni la binti yake alilishona mwenyewe, akalifumua, akalishona tena, na bado roho haikutulia: je, pindo likiachia mbele za watu? Huyo ndiye fundi. Jua likiwaka anawaza mvua, mvua ikinyesha anawaza mafuriko.

Akapata kiti cha mbele, pochi mapajani, akawatazama wahitimu. Walikuwa tisa tu. Shule ilikuwa mpya, hao ndio darasa lake la kwanza.

"Tisa, kama watoto wa tumbo moja," alimwambia jirani yake, mama mmoja mnene, muuza mitumba.

"Tumbo gani hilo, shoga? Mimi huyu mmoja tu kanitoa mvi." Akanyoosha kidole kwa kijana wa mabega mapana. "Yule pale. Wenzake wanamwita Kipaza."

"Kwa nini Kipaza?"

"Unaniuliza mimi? Nyumbani ni bubu. Ukimtuma chumvi anaitikia kwa kichwa. Huku shuleni ndiko eti anapayuka."

Fundi akaguna. Mtoto bubu nyumbani, kipaza sauti shuleni? Neno hilo likamkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mwalimu wa darasa akasimama, akasema leo hakuna hotuba. Kila mhitimu aseme jambo moja analolikumbuka, na yeye ataanza.

"Mimi nawakumbuka kwa ukasuku," alisema. "Nikisema 'mizizi hunyonya maji,' nasikia darasani, 'mizizi hunyonya maji.' Nikisema 'fungeni madirisha,' nasikia, 'fungeni madirisha.' Mwanzo nilijua wananikejeli. Nikawapa adhabu ya kufyeka nyasi, na huko kwenye nyasi wakawa wanarudia maneno ya mlinzi! Basi nikazoea. Walimu wenzangu wakasema ndiyo siri ya kufaulu kwao. Lakini mpaka leo sijui nani aliwafundisha."

Wazazi wakacheka hadi viti vikalia. Wahitimu hawakucheka. Walitazamana, halafu wakatazama viatu vyao. Fundi aliliona hilo. Macho yaliyozoea kushona hayapitwi na uzi uliochomoza.

Akasimama msichana mmoja mfupi, mchangamfu. "Mimi nakumbuka tulivyokuwa tunagombania kukaa kulia kwa Bosi."

Wote wakageuka kumtazama Bosi, na Bosi mwenyewe alikuwa binti wa fundi.

"Bosi wa nani?" fundi alimnong'oneza muuza mitumba. "Nyumbani hata kuku hamtii!"

"Shoga, watoto hawa tunawazaa tu. Kuwajua ni kazi nyingine."

Akafuata kijana wa miwani. "Mimi nakumbuka siku ya mvua kubwa, darasa likawa giza totoro. Tukatoa tochi, tukammulika mwalimu mdomoni."

"Mdomoni!" mwalimu alidakia. "Ubao mmeuacha hapo, mnamulika meno yangu! Nikasema hawa leo wananihesabia mapengo."

Kicheko tena. Fundi hakucheka. Kichwani mwake alikuwa na vipande vitatu, kama mtu aliyeletewa mkono, kola na kiuno bila kuambiwa ni vazi la nani. Wanarudia maneno. Wanakaa kulia. Wanamulika mdomo. Akamtazama binti yake. Binti hakuwa akimtazama mwalimu machoni, wala kijana wa miwani. Alitazama midomo, akihama kutoka mmoja hadi mwingine kama anayefuata mpira.



Mwisho akasimama Kipaza. Sauti yake ilijaza ukumbi bila kupiga kelele. "Mimi sina kumbukumbu, nina swali. Jumatatu Bosi anaanza chuo cha uuguzi. Sisi hatutakuwepo. Nani atamrudishia maneno?"

Akaketi.  Binti wa fundi akasimama, machozi yanamlenga. "Tulikubaliana!" alimwambia Kipaza, akatoka nje.

Fundi alimkuta nyuma ya darasa, amekaa juu ya tofali, gauni limegusa vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakulijali gauni.

"Sikio gani, mwanangu?"

"La kushoto halisikii kitu. La kulia linaondoka kidogo kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza. Yalikuwa yanatoa maji. Nikawa naziba kwa pamba za mito yako."

Pamba za mito! Na yeye alimfukuza paka wa watu kwa mawe akidhani ndiye mwizi. "Lakini nyumbani unaniitikia! Sijawahi kukuita mara mbili!"

Binti akacheka huku analia. "Mama, wewe nyumbani huongei, unapiga kelele. Cherehani inanguruma, na wewe unanguruma juu yake. Kwetu ndipo mahali pekee ninaposikia bila kurudishiwa maneno."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipojikata mguu ulinikalisha nyumbani muhula mzima. Hili je? Ningesoma lini? Na chuoni wangenikubali?"

Fundi akaketi vumbini kando yake, akamshika mkono. 

Jumatatu hawakwenda chuoni. Walikwenda hospitali. Daktari alimulika masikio, akaandika, akamulika tena. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imeliwa, hairudi. Ya kulia ilikuwa na tundu na uchafu, lakini dawa bado ingeweza kuiokoa, mradi wasikose kliniki hata mara moja.

"Darasani alikuwa anasomaje?" daktari aliuliza.

"Wenzake walikuwa wanamrudishia kila neno," fundi alijibu, na ndani ya woga wake kulikuwa na fahari kidogo.

"Wamemsaidia sana," daktari akasema. "Wamemsaidia mpaka akachelewa."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Hawakusema kwamba maradhi huweza kufichwa na watu wanane wenye upendo, na kelele za mama mwenye bidii. Kwa hiyo wewe mzazi, mtoto asipokusumbua usiseme hana shida. Zima cherehani, zima redio, simama nyuma yake, mwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, usimgombeze kwamba ana kiburi. Mpeleke hospitali. Na akikuambia anaumwa, usimfungie ndani kama yai, maana kesho hatakuambia tena.

Binti alikwenda mwenyewe chuoni kueleza. Kipaza alimsindikiza, lakini walipofika getini binti akamwambia abaki nje na mdomo wake. Chuo kilikubali aanze na kundi linalofuata, akileta barua ya daktari kwamba sikio limekauka.

Tangu hapo fundi huzima cherehani kila anapotaka kusema neno. Wateja wananung'unika kwamba nguo zao zinachelewa. Kila jioni, baada ya dawa, husimama nyuma ya binti yake na kumwita polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto mchanga. Siku nyingi binti aliendelea kukunja mashati, na fundi aliingia jikoni kufuta macho kwa kanga.

Jana alimwita tena. Mikono ya binti ikasimama juu ya shati.

"Mama," alisema bila kugeuka, "mbona unaninong'oneza? Kuna mgeni?"