Bi Masjala Apanga Tovuti

Miaka thelathini na miwili Bi Masjala alikuwa karani wa mafaili hospitalini, na hata alipostaafu jina hilo halikumwacha. Jikoni kwake kopo la chumvi lilikuwa na lebo, la sukari lina lebo, na mwanawe alimtania kwamba iko siku ataamka naye kabandikwa ya kwake kwenye paji la uso.

Lakini mwezi ule nyumbani hakukuwa na utani. Mke wa mwanawe huyo, fundi wa cherehani mwenye mikono ya ajabu, alikuwa amepigiwa simu na mwenye duka kubwa la mashine, yule wanayemwita Bosi. Walijuana tangu chuo cha ufundi. Bosi alimtaka afunge kikarakana chake aje aajiriwe, na jibu alilitaka kabla mwezi haujaisha.

"Utakaa kaunta upokee wateja," alimwambia. "Bisibisi waachie wanaume."

Ah, maneno hayo! Ila wateja hawakuwapo kweli, na maskini mtoto wa watu alishaanza kufungasha zana.

"Mama, nimechoka," alisema huku anafuta spana. "Nitaenda tu."

"Uende wapi? Thubutu!" Bi Masjala akavaa miwani. "Na ile tovuti?"

Tovuti ya karakana ilikuwa kazi ya mwanawe, bingwa wa kompyuta mwenye majibu kwa kila kitu. Akaifungua kwa mbwembwe. Ulikuwa ukurasa mmoja mrefu, na juu yake KARIBU SANA, chini yake UBORA WETU, kisha SISI NI NANI, kila mstari kwa maandishi makubwa mekundu.

"Yote haya ni vichwa vikuu?" mama akauliza.

"Yote, Mama. Ili mtambo wa kutafuta uyaone."

"Haya. Mtu cherehani yake imemgomea, anaandika nini mtandaoni? Anaandika 'Karibu Sana'?"

Kijana akasogeza ukurasa juu, akausogeza chini.

"Nakuuliza wewe, msomi!"

Bi Masjala alilijua jambo hili tangu wiki yake ya kwanza masjala, alipofokewa mpaka akalia. Faili unaliandika kwa maneno ya atakayekuja kuliulizia. Juu kichwa kimoja, na ndani vichwa vidogo kwa mpangilio. Ukijaza jalada maneno makubwa, hata wewe mwenyewe hulioni tena.

"Mama, algoriti ya mtambo si kabati," mwanawe akajitetea. "Inapima mambo mengi."

"Na vichwa haivisomi?"

Kijana akajikuna kisogo. "Inavisoma. Vinaisaidia kujua ukurasa unahusu nini."

"Basi keti hapo tufanye kazi."

Akalichukua daftari la mkamwana, ambamo kila mteja aliandikiwa shida yake kama alivyoitamka. *Cherehani inaruka mishono. Uzi wa chini unajikunja. Inapiga kelele ikishona jinzi.* Kila shida ikapewa ukurasa wake na kichwa kikuu kimoja, na chini yake vichwa vidogo: sababu zake, cha kujaribu nyumbani, wakati wa kumwona fundi. Maelezo aliyatoa mkamwana mwenyewe, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyomrudia, mpaka akawa anafoka wakikosea jina la kifaa.

"Ukiwapa siri zote hawatakuja," mumewe akaonya.

"Atakayeweza aweze," mkewe akajibu. "Atakayeshindwa atajua aje kwa nani."

Kila asubuhi baada ya chai Bi Masjala aliandika "cherehani inaruka mishono" na kujitafuta. Kurasa sita za matokeo, hawamo. Wiki ikapita, wakatokea ukurasa wa nne. "Mtambo huu una maringo kama daktari mkuu!" akalalama. Ukurasa wa pili. Akaja mwanamke mmoja na mashine yake, kisha wawili, lakini siku nazo zilikuwa zinayoyoma.

Siku ya mwisho ya mwezi, benchi la karakana likiwa na wateja wawili, aliingia mwanamume anahema, cherehani kifuani. Alikuwa Bosi. Mkamwana akakauka, akidhani amefuata jibu lake. Kumbe Bosi ndiye aliyeshtuka zaidi.

"Ni hapa kwako? Nimetafuta mtandaoni, ukurasa huu ukatokea wa kwanza juu kabisa. Umeelezwa vizuri, nikafuata anwani tu."

Wa kwanza! Bi Masjala aliukaza uso asicheke. Akafungua daftari.

"Tatizo la mteja?"

"Inaruka mishono. Mafundi wangu wameshindwa."

"Sijasikia vizuri, baba. Rudia."

"Mafundi wangu wameshindwa," Bosi akasema, na benchi zima likasikia.

Bi Masjala akaandika neno kwa neno. "Keti. Una wawili mbele yako."

Zamu yake ilipofika, mkamwana aliinamisha mashine, akalegeza skrubu, akasogeza kidogo kile kikulabu kinachonasa uzi, akapitisha kitambaa. Mshono ukanyooka, hakuna tundu lililorukwa.

"Na lile jibu langu?" Bosi akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaunta yangu hiyo ina mtu," mkamwana akasema, akimwonyesha mama mkwe wake. "Na bisibisi hizi zina mwenyewe."

Bosi alipotoka tu, vigelegele alivyopiga mkamwana vilisikika mtaa wa pili. Bi Masjala hakuinuka. Alimsukumia mwanawe daftari, kidole kikiwa juu ya mstari wa mwisho.

"Fungua ukurasa mpya," alisema. "Kichwa kikuu: *Mafundi wameshindwa*."