Kufuli la Sanduku la Naftaly

Nikimpelekea fundi kitu, hata kama ni redio ya betri mbili, kwanza nakitia alama. Nachukua rangi ya kucha ya binti yangu Wawira, ile nyekundu, nadondosha nukta moja mahali ambapo fundi hawezi kufikiria kutazama. Siku ya kukichukua naitafuta nukta yangu kabla hata ya salamu. Huku Embu na Meru tuko wengi wenye tabia hiyo, ila wengine wanaona haya kuisema. Mimi sioni haya. Nimeendesha karakana hapa Majimbo, mjini Embu, miaka thelathini na moja, na kama ningekuwa mtu wa kuamini watu, mashine zangu zingekuwa zimeuzwa kama vyuma kuukuu zamani sana.

Kwa hiyo Naftaly Gikunda alipokuja kutoka Meru kututengenezea sanduku la umeme, alikuta kila kitu changu kimeshatiwa nukta.

Tuna grainda kubwa ya kunolea chuma. Juu kuna jiwe linalozunguka, chini yake kuna meza inayokwenda na kurudi. Meza yenyewe ni ya sumaku ya umeme: ukiiwasha inakishika kisu cha chafkata, ile mashine ya kukatia ng'ombe majani, hukibandui hata kwa nyundo, na ukiizima inakiachilia. Tatizo ni kwamba stima ya ukutani hugeuka upande kila mara, na sumaku inataka stima ya kwenda upande mmoja tu. Sanduku la kuigeuza hiyo stima liliungua mwaka juzi. Tangu hapo tulikuwa tukivifunga visu kwa vibano, kimoja kimoja, na wakulima wanapiga simu kuuliza ng'ombe wao watakula nini. Wawira ndiye hushinda kwenye mashine hiyo. Ni mtoto wangu wa pekee, na alinisumbua miezi mitatu mpaka nikakubali fundi aitwe.

Naftaly alikuwa mtu mfupi, sweta ya kijivu, maneno machache. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kiasi cha kunitia shaka. Nikajiambia, kimya kingi kina mshindo mkubwa, huyu nitamwangalia.

Siku ya kwanza hakugusa bisibisi. Alimwambia Wawira awashe jiwe, kisha alizime, naye akasimama akitazama saa ya mkononi mpaka jiwe likanyamaza kabisa. Wakarudia mara tano. Kila mara anaandika kwenye kijitabu. Kisha akaniuliza, "Mzee, stima hapa hupotea saa ngapi saa ngapi?"

Nikamtazama. Kwa akili yangu, anayeuliza swali hilo ni mwizi.

"Kwani unataka kujua ya nini?" nikasema.

"Ni kazi tu, mzee."

Akamgeukia Wawira. "Wewe husimama wapi ukinoa?" Wawira akamwonyesha. Naftaly akatikisa kichwa, akachukua rangi nyeupe na brashi, akachora mstari sakafuni ubavuni mwa mashine. "Meza ikiwa na kazi, usipite huu mstari. Hata kama ni kuokota simu."

Kisha akaja kwangu. "Na hii kiti yako itoke hapa."

Kiti changu kilikuwa kwenye ncha ya meza ya grainda. Hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kutoka hapo nilikuwa naona mlango, naona droo ya vifaa, naona mikono ya kila mtu.

"Hakitoki," nikasema.

"Mzee, hii meza ikiachilia kisu jiwe likizunguka, hakuna mtu anaweza kimbia kushinda hicho kisu. Kitaenda mbele tu. Na mbele ni hapa umekaa."

"Wewe ulitaka nikae wapi, niangalie ukuta? Ili droo iangaliwe na nani?"

Wawira alicheka, lakini si upande wangu. Naftaly hakubishana tena, akarudi kwa kazi yake.

Alijenga siku tatu. Aliisuka upya transfoma, akapanga daiodi nne kubwa, zile za kuipitisha stima upande mmoja, juu ya kipande cha alumini ili zisichemke, akaweka swichi ya kuigeuza stima kidogo mwishoni ili kisu kisibaki na usumaku. Kila alipotoka kwenda chai nilikuwa nikipita na tochi kutafuta nukta zangu. Zote zilikuwepo. Nitasema ukweli, iliniuma. Mtu akikesha kumngojea mwizi, anataka mwizi aje.

Siku ya mwisho alileta sanduku la mbao, zito, lenye kufuli. Akalisukuma chini ya mashine, akaunga waya mbili nene kutoka kwake hadi kwenye kazi yake.

"Ndani kuna nini?" nikauliza.

"Kitu ya kusaidia sumaku."

"Kitu gani?"

"Mzee, wacha tu ikae. Kila mwezi nitakuja kuiangalia. Ufunguo nitakaa nayo."

Wawira akawasha. Meza ikakishika kisu. Akakigonga kwa nyundo ya mpira, akakivuta kwa mikono miwili, kikakataa kutoka, naye akacheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama yake atutoke. Mimi nilikuwa natazama kufuli. Mtu gani anafunga kitu kwa kufuli ndani ya karakana yangu, kisha anaondoka na ufunguo?

Alhamisi hiyo Gladwell wa kibanda cha chai akaleta thermosi na habari. Wezi wameng'oa betri kwenye mlingoti wa simu kule upande wa Kiambere, na polisi wanapita karakana moja moja hapa Embu. "Wanasema ni mafundi wa stima wenyewe," akasema akimimina. "Nani mwingine anajua kufungua vitu kama hizo?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usiku huo sikulala vizuri.

Jumapili nilimwambia Wawira tumbo linanisokota, aende kanisani peke yake. Alipopotea kwenye kona, nikaenda karakana nikalikata lile kufuli kwa msumeno. Ndani ya sanduku kulikuwa na betri mbili kubwa. Na kwenye pembe ya kila betri, nukta ya rangi ya kucha. Si nyekundu yangu. Ya waridi.

Nilikaa chini. Nani anaitia betri alama? Mwenyewe, anayeogopa kuibiwa. Basi hizi betri zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Naftaly, maana mafundi hawatii alama, hutiliwa. Nikajiona niko kituo cha polisi nikijieleza, na Wawira nje na chakula changu kwenye bakuli. Nikazifungua zile waya, nikazifunga ncha kwa tepu, nikazibeba betri nyumbani kwa mkokoteni na kuzificha chini ya magunia ya mahindi. Kufuli nikaliegesha mahali pake, ukipita huwezi kujua.

Kisha nikawasha mashine kuona. Meza ikakishika kisu kama kawaida. Hapo nikapata ushahidi niliokuwa nautaka: betri hazina kazi yoyote, jamaa alitafuta tu mahali pa kufichia mali ya watu. Wawira sikumwambia. Alikuwa amempenda yule fundi kwa ustadi wake, nami nilitaka kwanza nimkamate kwa mikono yangu.

Jumatatu asubuhi nilimwacha Wawira akipanga visu kumi na viwili vya wakulima wa Runyenjes, nikapitia nyumbani, nikatia betri moja kwenye gunia nikaenda Meru bila kumwambia. Kibanda cha Naftaly kiko nyuma ya soko. Nilimkuta amebana redio kati ya magoti, nyingine mbili zinaimba rafuni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Lakini kabla sijafungua kinywa nikaona kichupa juu ya meza yake, karibu na bisibisi. Rangi ya kucha, ya waridi. Rafuni kulikuwa na betri saba, na kila moja ilikuwa na nukta.

"Hizo alama," nikasema.

"Ni zangu. Rangi ni ya mama watoto." Alikuwa bado anatabasamu. "Wateja hubadilisha betri zangu, mzee. Unaacha mpya, unarudi unapata imekufa, wanasema ndio hiyo hiyo."

Kisha akaliona gunia, na pembe ya betri ikichungulia. Tabasamu likaisha. Akasimama, redio ikaanguka.

"Hii imetoka wapi?"

Nikalivuta gunia nyuma ya mguu wangu.

"Mzee. Hii imetoka wapi? Ile ingine iko wapi?"

"Nyumbani."

"Na kwa mashine ni nani?"

"Wawira."

Akashika kichwa. Akaongea haraka, maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Stima ikipotea, sumaku inakufa papo hapo. Lakini jiwe lina uzito, halisimami. Linaendelea kuzunguka dakika mbili na sekunde arobaini, ndiyo maana alikuwa akitazama saa. Zile betri ni za hizo dakika mbili na sekunde arobaini, zikishike kisu mpaka jiwe linyamaze.

"Kwa nini hukuniambia?" nikapiga kelele.

"Kwa sababu nikiambia mtu kuna betri, wiki ya pili ziko kwake nyumbani zinawasha TV! Nilijengea mtu mwingine hivyo, nikamweleza kila kitu. Akatoa betri aone mpira. Aliyekuwa kwa mashine ni ndugu yangu Riungu. Mkono wa kulia haufanyi kazi mpaka leo. Ndio nikanunua kufuli."

Na mimi, miaka thelathini na moja kwenye karakana, nilikuwa nalijua lile jiwe. Nimelisikia maelfu ya siku likilia polepole baada ya kuzimwa. Nilikuwa nalijua, lakini akili yangu yote ilikuwa kwa polisi na kwa mwizi.

Nilikuwa natafuta simu mfukoni wakati zile redio mbili za rafuni ziliponyamaza.

Soko zima likaguna. Kinyozi wa upande wa pili akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake amenyolewa nusu kichwa. Mtu akasema kwa sauti kuwa amepigiwa, imepotea hata Chuka, hata Embu.

Nikampigia Wawira. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kumzika mama yake, kwa sababu siku hiyo kilichotokea kilikuwa kimeshatokea. Naftaly alikuwa amenishika mkono wa sweta na alikuwa akiomba kwa Kimeru, kwa sauti ya chini.

Mara ya tatu akapokea. Nilisikia pumzi kwanza.

"Baba, uko wapi?"

"Niko Meru. Wawira, uko mzima?"

"Umeenda Meru saa ngapi? Nilidhani umerudi, nilidhani uko hapo umekaa." Alikuwa analia. "Sikuweza kugeuka kuangalia."

"Uko mzima? Niambie uko mzima."

"Niko nyuma ya mstari. Kisu kimetoka, baba. Kimepita kwa kiti yako."

Naftaly alifunga kibanda bila kuulizwa, akaja nami. Njiani betri aliipakata mwenyewe. Karakana tulikuta mlango wazi na Gladwell amemkumbatia Wawira kwenye benchi la nje. Ndani, mgongo wa kiti changu ulikuwa umepasuka kati, na nyuma yake kisu cha chafkata kilikuwa kimezama kwenye bati la ukuta mpaka nusu. Nilipima kwa mkono. Palikuwa usawa wa kifua changu nikiwa nimekaa.

Nilimwomba Wawira msamaha mbele ya watu. Sikuwahi kumwomba mtu msamaha mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa pua, akauliza betri ya pili iko wapi. Nikaenda kuileta.

Naftaly alizirudisha ndani ya sanduku, akaunga waya, akatoa kufuli jipya mfukoni. Alipolifunga nilinyoosha mkono nipokee ufunguo, maana karakana ni yangu. Naftaly akautazama mkono wangu. Kisha akazunguka, akampa Wawira.

Wawira akafungua mkoba wake, akatoa ile rangi nyekundu, akainama, akatia nukta moja pale kufuli linapokutana na mbao. Akaipulizia ikauke.

Miezi minne imepita. Kiti changu sasa kiko karibu na mlango, na droo ya vifaa siioni. Ufunguo anauvaa shingoni, hata kanisani. Akitaka kutoka kwenda chai, huinama kwanza chini ya mashine akaitazama nukta yake kama iko, kisha hunitazama mimi, ndipo anaenda.